Mkaa wa Mpakani

Sumbawanga, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Gregori,

Leo imetimia miaka arobaini na mitatu tangu nipande basi pale barabarani Kitomanga nikiwa na sanduku la bati na blanketi moja. Nimehesabu kwa kalenda, sikukisia. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, shemeji Romana, dada yetu Genoveva na wote wa hapo. Mimi sijambo, isipokuwa masikio. La kushoto limefunga kabisa. La kulia husikia mtu akiinama karibu na kusema polepole. Ndiyo maana nimekuomba uache kupiga simu. Kwangu simu sasa ni mlio tu, na kumwitikia mtu usiyemsikia ni kumdanganya.

Antonia wa Genoveva amehamishiwa huku tangu Novemba, ni muuguzi. Jumapili baada ya misa alikuja kunisalimu. "Shikamoo mjomba," akaangalia vitabu vilivyojaa hadi chini ya kitanda, akauliza kama nimevisoma vyote. Nikamjibu kuwa nilitunza maktaba ya chuo kwa miaka ishirini na tisa, na kwamba hivi ni vile nilivyoshindwa kuachana navyo.

Kisha akaanza habari zako. Anasema watu wanatoka hata Mingoyo kuja kukuuliza mambo. Alinisimulia juu ya mwanamume aliyekuja kushitaki kwamba mkewe anaunguza ugali makusudi, na wewe hukumwuliza habari za mke. Ulimwuliza mlango wa jiko unatazama wapi. Akasema aliupanua mwenyewe mwaka jana. Ukamwambia upepo unaingia na kuchochea moto, akahamishe mafiga.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu amani ya ndoa, Gregori. Hakuna hata kimoja kinachotaja mlango wa jiko. Nilicheka Antonia alipokuwepo. Alipoondoka nilikaa na jambo hilo mpaka chai ikapoa, na sikuwa nacheka.

Niandikie. Niambie nani hai, nani ametangulia, na kama korosho zilizaa.

Kaka yako,
Clemence

*

Kitomanga, 20 Februari 2024

Kaka Clemence, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imefika, Romana ameifurahia, na miguu yake bado inamsumbua. Korosho zilizaa kiasi. Tumepanda ufuta, umeota vizuri, sasa tunaomba mvua isizidi. Mzee Cletus wa kule bondeni tumemzika wiki mbili zilizopita. Aliugua siku tatu tu.

Yule wa Mingoyo alirudi. Ugali hauungui tena. Sasa analalamika kwamba mke hakasiriki, nyumba imekuwa kimya, hajui anawaza nini. Nilimwambia hilo sina dawa yake.

Kaka, lililonifanya nishike kalamu ni hili. Genoveva alijenga nyumba yake ya tofali mwaka juzi upande wa mawio wa shamba la baba, karibu na mpaka wa Mzee Likwata. Unajua alivyohangaika tangu afiwe na mume. Sasa Bakary, mtoto wa Mzee Likwata, amerudi kutoka Mtwara kuja kulima urithi wake. Anasema nyumba ile ipo kwenye ardhi yao. Bakary si mtu mbaya. Tunasalimiana na tunacheka. Ila kwenye mpaka hacheki.

Wazee waliopima mpaka ule wote wamekufa. Siku ile ya mwaka 1976 mimi nilikuwa nimetumwa Sudi kwa shangazi kuleta chumvi. Wewe ulikuwa likizo kutoka chuoni, na baba alisema siku zote kwamba Clemence aliandika. Je, karatasi ipo? Kila mtu hapa, hata Bakary, anasema likija neno la Clemence yamekwisha.

Genoveva anakusalimu sana. Anasema nisikuharakishe. Mimi nakuharakisha kidogo.

Mdogo wako,
Gregori

*

Sumbawanga, 9 Machi 2024

Mdogo wangu Gregori,

Marahaba. Pole kwa msiba wa Mzee Cletus. Ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli, na alinicheka nilipoanguka. Mwambie shemeji Romana aloweshe miguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Karatasi ipo. Nilijua ipo kabla sijamaliza kusoma barua yako, nikainuka na kuitoa mahali pake bila kutafuta. Ni karatasi ya daftari yenye mistari, wino wa bluu, mwandiko wangu wa miaka ishirini na mmoja. Nainakili neno kwa neno:

"Leo tarehe 11 Agosti 1976, Mzee Leonard na Mzee Likwata wamepima mpaka wao mbele yangu. Kutoka shina la mkorosho uliopinda, hatua thelathini na mbili kuelekea mawio ya jua, za mtu mzima anayetembea bila haraka. Hapo ndipo mwisho wa Leonard na mwanzo wa Likwata. Wote wawili wameridhika. Mwandishi: Clemence Leonard."

Umeona ninavyotaja hatua za mtu wa namna gani? Hata wakati ule niliwaza kwamba hatua za kijana si za mzee.

Naomba jambo moja. Isomwe mbele ya watu, siyo nyumbani kwako barazani mkinywa chai. Muite mwenyekiti wa kitongoji, Bakary na wazee. Na anayesoma aseme imeandikwa na nani. Sisemi hivi kwa kutaka sifa. Miaka arobaini na mitatu nimekuwa jina linalosalimiwa mwishoni mwa barua, na nisingependa karatasi hii nayo ionekane ni jambo ambalo Gregori alilitatua.

Mpe Genoveva pole na umwambie atulie. Mambo yakiandikwa hayabadiliki.

Clemence

*

Kitomanga, 2 Aprili 2024

Kaka, shikamoo.

Pasaka tumesali vizuri. Mvua ni nyingi kupita kiasi, ufuta wa bondeni umelala. Romana ameloweka miguu na anasema ahsante.

Karatasi nimeipokea. Sijaisoma mbele ya watu bado. Usikasirike. Nakuomba kwanza unijibu jambo moja: mlipima kutoka shina lipi? Fikiria kwanza ndipo uandike. Nimesubiri miezi, naweza kusubiri mwingine.

Genoveva hajambo. Amepaka chokaa chumba cha mbele.

Gregori

*

Sumbawanga, 21 Aprili 2024

Gregori,

Salamu kwa wote.

Unaniuliza shina lipi. Mkorosho uliopinda ulikuwa mmoja, karibu na kichuguu kikubwa, na sisi wawili tulipanda juu yake tukala mabibo mpaka midomo ikawashwa. Kama umeusahau, mimi sijausahau. Bado upo au haupo? Antonia anasema upo, na umepinda vilevile, na watoto wanaupanda.

Basi swali lako ni la nini? Nimelitafakari kama ulivyoagiza, na nitakuambia nilichokiona. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke, mji mzima unasubiri neno langu. Na neno limefika, na wewe umeliweka kabatini. Mtu wa Mingoyo unamjibu saa ileile aliyofika. Kaka yako unamwambia afikirie kwanza.

Sikulaumu kwa kuzoea kusikilizwa. Lakini usiniombe nikusaidie kuendelea kusikilizwa peke yako.

Kwa hiyo leo nimeandika nakala nyingine na kuituma moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Antonia amenipa jina lake, Stefano, na sanduku la posta la parokia. Nimemwomba aisome hadharani mbele ya Bakary. Nakujulisha ili usione kwamba nimekuzunguka.

Clemence

*

Kitomanga, 26 Mei 2024

Kaka Clemence, shikamoo.

Sisi ni wazima. Barua hii itachelewa kwa sababu barabara ya Dar imekatika kule Somanga, maji yamechukua daraja na magari yamelala pande zote mbili. Barua yako kwangu na yako kwa Stefano zilifika siku moja, kabla ya barabara kukatika. Yangu nilikuwa naisoma bado Stefano alipopiga filimbi kuita watu.

Karatasi ilisomwa chini ya paa la shule. Walikuja wengi kuliko wanaokuja kwenye chanjo. Stefano aliisoma mara mbili, jina lako akalitaja kwa sauti. Watu walisema, "Clemence huyo, tangu zamani hakuwa mtu wa mchezo." Nakuambia ili ujue kwamba ulivyotaka ndivyo ilivyokuwa.

Kisha tukaenda shambani. Bakary akasema, "Nani anatembea? Gregori asitembee, ana miguu mirefu ya kupendelea ndugu." Watu wakacheka. Akachaguliwa Mzee Optatus, ambaye hapendelei mtu kwa sababu hapendi mtu. Akaanzia kwenye shina, akahesabu thelathini na mbili. Ya thelathini na mbili ilimfikisha hatua mbili kabla ya mlango wa mbele wa Genoveva. Nyumba nzima ikawa upande wa Bakary.

Genoveva alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

Sasa nakuambia nilichokuwa nakuuliza. Mkorosho ule ulianguka kwenye mvua kubwa za mwaka 1990. Wewe hukuwepo. Uliangukia upande wa machweo, mizizi ikawa juu. Lakini unajua mkorosho, tawi likigusa udongo likaachwa linatoa mizizi. Tawi likashika, likawa shina, shina la zamani likaliwa na mchwa tukalimalizia kwa kuni. Unaopandwa na watoto leo ni uleule, na hausimami pale uliposimama. Umehama kuelekea machweo, na hesabu imehama nao. Kwa umbali gani, hapo ndipo tunapobishana. Mimi nasema hatua kumi. Mwingine anasema tano. Bakary alikuwa Mtwara mwaka ule, anasema hajaona mti unaotembea, na karatasi haisemi habari za mti kutembea.

Nilipouliza shina lipi, nilitaka wewe mwenyewe ushtuke uulize, kwani yapo mangapi? Kisha uandike kwa mkono wako kwamba ulipima kutoka shina la zamani, kabla karatasi haijasomwa. Ningekuambia wazi ungeona mdogo wako anakufundisha. Nikazunguka. Kosa langu ni hilo.

Wamempa Genoveva muda mpaka korosho zianze kudondoka. Ikishafika hapo abomoe achukue tofali zake. Bakary amesema atasaidia kuzibeba, na anamaanisha.

Genoveva anasema nikuandikie hivi: "Simlaumu kaka. Ila aniambie nikalale wapi."

Kaka, kama siku ile kuna jingine lolote mlilofanya, hata dogo, nakuomba uliandike.

Gregori

*

Sumbawanga, 8 Julai 2024

Gregori,

Barua yako ilifika tarehe 2 Julai. Nimesikitika kwa dada. Poleni kwa barabara.

Kuhusu mkorosho, sikuweza kujua. Niliandika kilichokuwepo. Hakuna jingine lililoandikwa siku ile.

Nimekuwa na homa kidogo. Nitaandika zaidi nikipata nguvu.

Clemence

*

Sumbawanga, 4 Agosti 2024

Mdogo wangu Gregori,

Marahaba kwa zile salamu zako zote ambazo sikuzijibu. Homa haikuwepo.

Jana Antonia alikuja. Mama yake amemweleza. Aliinama kwenye sikio langu la kulia na hakusema habari za nyumba hata kidogo. Alinisomea gazeti. Alipomaliza mimi ndiye niliyemwuliza, "Hivi watu wanampendea nini Gregori? Darasa la saba, hajatoka Kitomanga ila kwenda Sudi na Lindi."

Akasema, "Mjomba, mjomba Gregori akiulizwa, anauliza kwanza."

"Na mimi?"

"Wewe ukiulizwa unajua."

Hakuwa na nia ya kuniumiza. Aliosha vikombe akaenda zamu.

Sasa nakuandikia ulichoomba. Katika barua iliyopita nilisema hakuna jingine lililoandikwa siku ile. Ni kweli. Nililichagua neno hilo kwa uangalifu. Lililofanyika lipo.

Walipofika hatua ya thelathini na mbili, baba na Mzee Likwata walichimba shimo, kina chake kuanzia kiwiko mpaka ncha ya vidole vya Mzee Likwata, nakumbuka alivyopima kwa mkono wake. Mzee Likwata alikuwa amekuja na kikapu cha mkaa alioutengeneza mwenyewe. Wakaumwaga wote, wakafukia, wakakanyaga. Baba akanigeukia: "Mkaa hauozi na mchwa hali. Andika na habari ya mkaa." Nilikuwa nimevaa soksi, Gregori. Nilikuwa natoka chuo cha ualimu. Nikacheka, nikasema, "Baba, hayo ni mambo ya watu wasio na karatasi. Karatasi inatosha." Akaniangalia, hakubishana. Mzee Likwata akasema, "Mwache msomi."

Jioni ile nilikuwa nyuma ya jiko natafuta kandambili zangu, nikamsikia baba akimwambia mama, "Clemence ana elimu. Akili kaachiwa Gregori."

Wewe ulikuwa njiani kutoka Sudi na chumvi kichwani. Hukuwa umefanya lolote. Ungekuwa umenishinda kwa jambo fulani ningelijua na kulipigania, lakini nilishindwa na mtu ambaye hata hakuwepo. Nilikaa miaka mitano zaidi nikisubiri baba aseme kinyume chake. Hakusema, nikapanda basi. Watu wote wanadhani nilifuata kazi. Kazi niliitafuta baadaye, na niliichagua mbali.

Mwezi mzima uliopita nilijua kwamba sentensi moja kutoka kwangu ingeokoa nyumba ya dada, na sentensi hiyo ilikuwa ileile niliyokataa kuiandika mwaka 1976. Kuiandika sasa ni kukubali kwamba baba alisema kweli. Nilipima mambo hayo mawili, nyumba ya Genoveva na maneno ya baba, na aibu yangu ni kwamba nilihitaji mwezi kujua lipi zito.

Chimbeni. Sijui mtachimba wapi ikiwa shina limehama, wewe utajua. Mwambie Bakary mkaa ni wa baba yake.

Clemence

*

Kitomanga, 1 Septemba 2024

Kaka Clemence, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Tumshukuru Mungu. Korosho zimetoa maua vizuri, tumemaliza kupuliza salfa, macho yananiwasha. Romana na miguu yake anakusalimu.

Barua yako niliisoma peke yangu mara moja, kisha nikaenda kwa Bakary nikamsomea kipande cha mkaa tu. Hayo mengine yako nimeyaacha kwangu.

Bakary alisema, "Mara mti unatembea, mara mkaa unaota. Kesho mtaniambia na kichuguu kina hati." Nikamwambia sina neno, ila nipe siku moja. Kama mpaka upo kwenye mstari ule wa kutoka shina kwenda mawio, mstari ni mmoja, tuuchimbe wote. Tuanze kwenye ukuta wa nyuma wa Genoveva twende mawio, upana wa jembe, kina cha kiwiko. Tusipouona, nyumba inabomolewa na mimi wa kwanza kupanda juu ya paa. Akafikiri. Akasema jembe atashika yeye mwenyewe, asije mtu akamwaga mkaa wa jikoni.

Tulichimba Jumatatu asubuhi. Watu wakaja tena. Kufika hatua ya pili, hakuna. Optatus akasema, "Mkifika Mtwara msalimieni dada yangu." Hatua ya tatu na nusu jembe la Bakary likatoka jeusi. Akainama, akachota kwa mikono. Kikapu kizima, Kaka, kimekaa pamoja kama kilimwagwa jana, na vipande vimekatwa urefu sawa.

Hafsa mke wake akaja akavichukua akavitazama. Akasema, "Huu ni wa baba mkwe. Alikuwa anakata hivi hivi, na mimi nilipokuja kuolewa, bado mgeni, alinigombeza kwa kukata vibaya." Bakary akakaa chini kwenye udongo. Kisha akasema, "Basi. Na mkono wa baba sibishani." Akainuka akaenda kwa Genoveva akamwomba radhi mbele ya watu. Genoveva akamwambia aingie anywe maji. Jembe alilochimbia lilikuwa la Genoveva, akaondoka nalo, na hajalirudisha mpaka leo. Hapo nikajua tumepatana.

Sasa lako. Uliandika mambo ambayo sikuyajua. Maneno yale ya baba sikuwahi kuambiwa. Mimi aliniambia mengine. Kila barua yako ilipofika alimpa katekista aisome baada ya misa, watu wakiwa bado hawajatawanyika, na ikiisha anasema, "Rudia." Mara ya pili ilipoanza mimi nilikuwa naondoka. Nilisema nakwenda kufunga mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa. Nilikaa nao pale zizini mpaka nisikie watu wanatoka. Hilo Romana tu ndiye anayelijua.

Na nikuambie la mwisho niwe sawa na wewe. Jumatatu ile watu wakirudi nyumbani, Bakary alisema kwa sauti, "Katika nyumba ile mwenye akili ni Clemence. Miaka hamsini, anakumbuka mpaka kiwiko." Wote wakaitikia. Tangu siku hiyo mtu akija kuniuliza jambo anamalizia, "Na Clemence anasemaje?" Mimi nina miaka sitini na sita. Nilidhani kitu hicho kimeshakufa kifuani mwangu. Kipo.

Genoveva anasema chumba cha mbele alichopaka chokaa kina dirisha la upande wa kaskazini, hakipigwi na mvua. Alikipaka kwa ajili yako na vitabu vyako tangu Pasaka, alikuwa anaona haya kusema. Sote tunasema urudi. Hata Bakary. Mimi nasema mara mbili.

Mdogo wako,
Gregori

*

Sumbawanga, 29 Septemba 2024

Mdogo wangu Gregori,

Marahaba. Mshukuru shemeji Romana kwa salamu, na mwambie miguu ikizidi aende hospitali, maji ya chumvi niliyasoma mahali na sijawahi kuyajaribu. Antonia hajambo. Alipopata habari alilia hapa mezani, kisha akaomba nimsomee barua yako. Nilimsomea na habari ya mbuzi. Nisamehe, alicheka sana, na mimi nilicheka hadi nikakohoa.

Nimekuwekea bahasha mbili. Katika hii kubwa kuna karatasi yenyewe ya mwaka 1976, siyo nakala. Chini ya jina langu nimeongeza mstari kwa wino mweusi: "Na mkaa, kikapu kimoja cha Mzee Likwata, kina cha kiwiko. Baba aliniambia niandike hili siku ileile." Nimeweka tarehe ya leo, ili mtu yeyote aone ni miaka mingapi imepita katikati. Ihifadhi wewe. Nakala iliyo katika bahasha ndogo mpe Bakary.

Sasa chumba. Mwambie Genoveva kwamba nimeikunja na kuiweka peke yake sehemu ile ya barua yako inayotaja dirisha. Lakini nitakueleza nilivyoisoma barua hiyo, maana tumeanza kuambiana kweli. Habari ya nyumba yake kuokoka niliisoma mara moja. Pale Bakary aliposema mwenye akili ni Clemence, nilisoma mara nne. Mara ya nne nilikuwa nimesimama dirishani ili nipate mwanga zaidi.

Nikija, nitakaa kwenye chumba hicho kizuri na nitahesabu. Najijua. Wangapi wamepita kwangu leo, wangapi wameingia kwako. Mtu wa Mingoyo atakuja na shida yake, na mimi nitamjibu kabla hajakaa, na wewe utaniachia kwa heshima, na mafiga yake yatabaki mahali pabaya. Umeniomba mara mbili nirudi, na najua ile ya pili ilikugharimu kiasi gani, kwa sababu kwangu mimi isingetoka.

Watu wakikuuliza Clemence anasemaje, waambie anasema mwulizeni Gregori. Andika kwamba nimesema hivyo, wasije wakadhani umetunga.

Endelea kunipa habari za korosho, za wanaozaliwa na wanaokufa. Nitajibu kila barua. Chumba cha dirisha la kaskazini mpeni Antonia akija likizo ya Krismasi.

Mimi sitarudi Kitomanga.

Kaka yako,
Clemence